Shule ya Pesa, Darasa la Baba

Kwa watu wa mume wangu, mtoto pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja ndizi, unatafuta ndizi nyingine kabla hajaanza kumenya. Ukimsifu mmoja, unamsifu na mwenzake, hata kama mwenzake saa hiyo ndiyo kwanza amemwaga maji yote ya kupikia. Anayesahau atajionea mwenyewe: yule aliyenyimwa ataamka na homa, na homa hiyo haina dawa hospitalini. Mimi si wa kwao. Wazazi wangu waliletwa Kamina na reli, kila mmoja na kabila lake, na katika zile nyumba za matofali za wafanyakazi nilimokulia, pacha walikuwa watoto kama wengine, ila walimaliza sabuni haraka. Lakini nilipozaa wasichana wawili kwa mpigo niliacha ubishi. Tangu siku ile jina langu lilizikwa. Mtaa mzima uliniita mama mapasa, yaani mama wa pacha, na mpaka leo hata padri ananiita hivyo.

Sokoni niliipenda mila hiyo, nisiseme uongo. Muuza unga akinipimia meka moja, lile kopo lao la kupimia, aliongeza kiganja kwa ajili ya yule mwingine bila kuombwa. Muuza samaki wakavu wa Mulongo naye hivyohivyo. Nilikuwa natoka sokoni na kikapu kizito kuliko pesa niliyoingia nayo, na nilitembea nikijidai.

Kitu kimoja tu katika mila hiyo hakigawanywi sawa. Aliyetangulia kutoka tumboni ndiye mkubwa, hata kama mwenzake alichelewa kwa muda wa kukohoa tu. Mkubwa anafungua njia. Anaogeshwa kwanza, anaonja kwanza, anapita mlangoni kwanza, na mdogo anafuata nyuma. Wangu waliichukua sheria hiyo bila kufundishwa. Na kweli mkubwa aliumbwa kutangulia. Alizungumza mapema, aliuliza maswali mpaka wageni wakaaga kabla ya chakula, alijua kuhesabu vifungo vyangu vya kushonea kabla ya kung'oka jino la kwanza. Mdogo alikuwa mzito. Neno lilimchukua muda. Ukimtuma chumvi, alisimama kwanza, akamtazama dada yake, ndipo akaenda.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, karibu na njia ya reli, na shule zikikaribia kufunguliwa nashona sare tu, asubuhi hadi giza: bluu na nyeupe kwa shule za serikali na za mapadri, vitambaa vya miraba na tai kwa shule za watu binafsi. Kwa hiyo shule za Kamina nazijua kwa mabega ya watoto wao. Na mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ile ya bure.

Kuhusu hiyo bure nataka kusema haki. Serikali iliposema wazazi wasilipe tena shule ya msingi, niliona watoto wa jirani waliokuwa wakizunguka na sahani za karanga mchana kutwa wakivaa bluu na nyeupe kwa mara ya kwanza. Mama zao walikuja kwangu na haya, wakiuliza kama naweza kutoa sketi kwenye pazia. Nilitoa sketi kwenye mapazia, na nilifurahi pamoja nao kweli. Lakini vyumba vya darasa havikuongezeka, wala madawati, wala walimu. Watoto walibanana kwenye dawati mpaka wa pembeni anaandika nusu ya makalio iko nje. Wengine walibeba tofali kutoka nyumbani na kulikalia. Mume wangu alirudi mchana sauti imekauka, akanywa maji, akapanda baiskeli kwenda kwenye shamba letu la mihogo, maana mshahara wa mwalimu una tabia ya kuchelewa.

Pacha walipofika umri wa kuanza shule, nilidhani jambo limekwisha kabla ya kuanza. Baba ni mwalimu, watoto wataenda na baba. Hakuna cha kulipa, si mbali, na jicho lake liko pale. Nilimwambia hivyo huku napiga pasi. Akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu yeyote.

"Mama, usinipe bana bangu. Mule mu kalasi, minyi mwenyewe sijue nani iko, nani haiko."

Niliweka pasi chini. Huyu ni mtu ambaye hata akiumwa tumbo anakwenda kufundisha. Ni mtu anayeokota vipande vya chaki sakafuni na kuvileta nyumbani mfukoni ili visipotee. Kumsikia anaikimbia kazi yake mwenyewe, akikataa watoto wake wasiingie darasani mwake, kuliniumiza.

Basi tukaanza kuzungumza habari ya shule ya pesa. Kulikuwa na moja upande wa pili wa mji ambayo nilikuwa naishonea sare. Watoto wachache kila darasa, Kifaransa tangu siku ya kwanza, na mwalimu anayemjua kila mtoto na mama yake. Watoto wa ile shule, nikiwapima mabega, walinisalimu kwa Kifaransa na kunitazama usoni. Mimi niliacha masomo mapema, Kifaransa changu ni cha kununulia nyuzi, na nilitamani wangu wawe vile. Tukakusanya tulichokuwa nacho: ushonaji wangu, mihogo, mshahara ule wa kubahatisha. Kila upande tulioigeuzia ile pesa, ilitosha mtoto mmoja.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu, na ulikuwa ujinga wa mama mapasa hasa. Nilijiambia kwamba mwenye shule ni mtu wa kwao, wa Kabondo-Dianda kama mama mkwe wangu. Pacha anawajua, mila anaijua. Hawezi kumchukua mmoja na kumwacha mwingine, ataogopa. Nitalipa mmoja na yeye atamwongeza wa pili, kama wanavyofanya sokoni. Nikakata kitambaa cha miraba mara mbili. Nikashona sare mbili, nikawavika wote, nikawapaka mafuta mpaka wakang'aa, nikaenda nao siku ya kuandikisha, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Mwenye shule alitupokea vizuri kabisa. Alipowaona aliinuka kitini, akapiga makofi ya kuwasalimu pacha kama inavyotakiwa, kwanza kwa mkubwa, kisha kwa mdogo. Moyo wangu ukatulia. Akamtuma mtu alete biskuti, zikaja paketi mbili za rangi moja, akahakikisha kwamba ni sawa, akampa kila mmoja yake. Halafu akakaa, akaniambia kwa upole kwamba amepokea malipo ya mtoto mmoja, kwa hiyo nichague nani anabaki. Nilimkumbusha mila. Alinijibu kwamba mila ameishika, watoto wamekula sawa, na walimu wake hawalipwi kwa biskuti. Mtu huyu aliogopa homa ya biskuti na hakuogopa homa ya shule. Nilimchukia, na mpaka leo, nikikutana naye kwenye misa, namsalimu kwa mkono mlegevu.

Nilirudi nao wote nyumbani, wakila biskuti. Kuchagua kulituchukua siku ambazo sipendi kuzikumbuka. Mume wangu alitaka mkubwa aende. Alisema yule ni mwepesi, pesa haitapotea. Mimi nilitaka mdogo. Nilisema mkubwa atasoma hata umweke juu ya behewa linalotembea, lakini huyu mzito anahitaji mtu wa kungoja neno limtoke, na katika darasa la baba yake hakuna wa kungoja. Mama mkwe alikuja kutoka Kabondo-Dianda kwa ile barabara mbovu, akafika na vumbi mpaka kwenye kope, akasema ama wote, ama hakuna. Alisema tukiwatenga, tutaona. Nilimheshimu, nikampikia, na sikumsikiliza. Nilishinda mimi, kwa sababu nina mdomo.

Mdogo akaenda shule ya pesa na mkubwa akaenda na baba yake. Tulijitahidi kusawazisha. Mkubwa alipewa ile sare ya pili ya miraba aivae Jumapili, mkoba wa aina ileile, viatu vya aina ileile. Mama mkwe alikaa kwetu mwezi wa kwanza wote, na kila asubuhi alimpapasa mkubwa paji la uso kutafuta homa. Homa haikuja, akarudi kwake akiwa hana raha.

Kilichokuja ni kitu kingine, na kilikuja polepole. Mkubwa alirudi siku za kwanza na nyimbo nyingi. Darasa zima huimba silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu, na sauti yake ilikuwa juu ya zote, baba yake aliniambia akicheka. Baadaye nyimbo zilipungua. Hakuitwa ubaoni. Baba yake aliogopa kumwita, wazazi wasije wakasema mwalimu ana mtoto wake na watoto wa watu. Kwa hiyo yule aliyekuwa akiwachosha wageni kwa maswali alikaa kwenye tofali, akaimba na wengine, akarudi nyumbani, akalala mchana. Mwaka wa pili baba yake alipanda na darasa lilelile, na mkubwa aliendelea kukaa na kuimba. Maswali yaliisha. Mimi nilijiambia kwamba anakua.

Na mdogo? Shule ya pesa iliniita mara kwa mara kuniambia kwamba mtoto wangu hafungui mdomo. Akiulizwa anatazama dawati. Akipewa kazi ya kuandika, anaandika mistari michache ya juu na kuacha nyingine tupu. Mwalimu wake, mama mpole, alisema hajui afanye nini tena. Mume wangu hakunilaumu kwa sauti, lakini kila siku ya kulipa alinipa pesa na kuugeuza uso. Tulikuwa tumempa mtoto mzito kiti cha mtoto mwepesi, na sasa hatukuwa na msomaji hata mmoja. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini hivyo karibu miaka miwili.

Siku moja alasiri nilikwenda na mdogo kupeleka sare za mteja ng'ambo ya reli. Mkubwa alikuwa shambani na baba yake. Tulipofika kwenye kivuko, treni ya mizigo ilikuwa imesimama njiani, na sisi wote tukasimama kuingoja, watu wa pikipiki, wa baiskeli, na mimi na furushi langu kichwani. Ubavuni mwa behewa lililokuwa mbele yetu kulikuwa na maneno marefu ya Kifaransa yaliyopakwa rangi nyeupe, yanayokataza watu kupanda. Nikasikia sauti ndogo pembeni yangu. Mdogo alikuwa anayasoma. Hakusoma kwa kukokota. Aliyasoma yote moja kwa moja, kisha akasoma ya behewa la pili, jina la kiwanda na uzito, kama mtu anayepoteza muda.

Nilimuuliza kama anajua kusoma. Aliziba mdomo kwa kiganja. Nikashusha furushi, nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza tena, bila ukali. Akatazama pembeni kwanza, kama kawaida yake, lakini dada yake hakuwepo.

"Usiambie mwenzangu," akasema. "Yeye hayafika pale. Niko namungoja."

Nikaipata habari yote kwake, kidogo kidogo, pale pale kwenye mawe ya reli. Kila jioni alikuwa akimuuliza dada yake leo wamefundishwa nini. Nilikuwa nawasikia nikiwa kwenye cherehani, na nilidhani ni mapenzi ya kawaida. Kumbe alikuwa anapima. Kesho yake shuleni alikwenda mpaka pale dada yake alipofika, na hapo akasimama. Ile mistari michache ya juu kwenye karatasi ilikuwa ni ile ambayo mkubwa naye angeweza kuiandika. Mkubwa ndiye hufungua njia, alinieleza, kama mtu anayemfundisha mgeni adabu za nyumbani. Yeye hawezi kupita mbele.

Treni ilianza kusogea na watu wakavuka, mimi nikabaki nimechuchumaa. Moyo ulinivunjika, sina namna nyingine ya kusema. Nilifurahi pia, kwa kuwa mtoto wangu mzito alikuwa anasoma kama karani wa stesheni, halafu nikaichukia ile furaha. Maana nililijua lile darasa. Nilikuwa nimelisikia mezani kwangu kila siku kwa mdomo wa mwalimu wake. Huyu mtoto alikuwa amesimama njiani kumngoja mwenzake, na mwenzake hakuwa na mtu wa kumleta.

Nilimwambia mume wangu. Hakujitetea. Wiki iliyofuata alimtoa mkubwa kwenye tofali, akamweka dawati la mbele, akamwita ubaoni, akaushika mkono wake na kuandika naye herufi. Alirudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Alinieleza kwamba alipogeuka, watoto wote walikuwa wamesimama, wamenyoosha mikono, kila mmoja akitaka mkono wake ushikwe. Nilimwambia aendelee hivyohivyo kesho, wale wengine watazoea.

"Nabo beko na bamama," akasema.

Hakurudia siku ya pili, na sikumlazimisha, maana mama wa watoto wale nilikuwa nawajua, ndio wale wa mapazia. Jioni alijaribu kumfundisha hapa nyumbani, lakini alikuwa anatoka shambani, na usingizi ulimkamata katikati ya sentensi, mtoto akamfunika.

Basi nikaona dawa ni mdogo mwenyewe. Yeye amefundishwa, na pesa tumelipa, basi amfundishe mwenzake, wafike pamoja. Jumapili moja baada ya misa niliwakalisha kwenye mkeka chumba cha mbele. Mume wangu alikaa kwenye kiti changu cha kushonea. Nikampa mdogo kitabu chake cha kusoma cha shule ya pesa, nikamwambia amsomee dada yake. Alikifungua kwenye magoti, akaanza. Alikwama kwenye neno la kwanza. Akakwama kwenye la pili. Alikuwa anajifanya, na alijifanya vizuri kabisa, na mimi nilikaa nikitazama jasho linamtoka puani.

Mkubwa alimsikiliza kidogo, kidevu juu ya goti. Kisha akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Soma muzuri," akasema. "Nakuonaka ku misa. Midomo yako inasoma mu kitabu ya nyimbo."

Mdogo akainamia kitabu. Machozi yalianza kumtoka. Mkubwa akamfuta kwa upindo wa ile sare ya miraba ya Jumapili, akamwambia tena, kwa sauti ile ile ya kutoa amri aliyokuwa nayo tangu utotoni, ile ambayo nilidhani imepotea.

"Weye enda tu mbele. Minyi nitabakia na baba."

Mume wangu alikuwa pale, alisikia. Alikuwa ameshika kipande cha chaki, maana alitaka kusaidia, na akabaki nacho mkononi. Mimi nililia mbele yao na sikujificha. Nilitaka kusema kwamba hapana, hakuna anayebaki, tutatafuta, nitashona zaidi. Lakini nilikuwa nimeshatafuta, na mtoto alikuwa anajua hilo kama ninavyolijua mimi.

Mdogo alimtazama dada yake ili ahakikishe. Mkubwa akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia. Akasoma. Alisoma ukurasa wote, akaufungua wa pili, akausoma mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja, na sauti yake ilikuwa nzuri, sikuwahi kuisikia. Mkubwa alitulia akasikiliza yote. Ilipokwisha alipiga makofi. Kisha akanisogelea, akanivuta kitenge, akaniuliza kwa sauti ya chini ile hadithi ilikuwa inasema nini, kwa sababu yote ilikuwa ya Kifaransa.